Anayelaza Wageni Anafanya Biashara (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi nyumba za kulaza wageni kwa siku chache zilivyoenea nchini Kenya, kutoka Kilimani hadi Diani. Leo nachukua swali ambalo wenye nyumba huliuliza kwa hasira: kwa nini anayempa mgeni ufunguo kwa siku tatu adaiwe mambo ambayo jirani yake mwenye mpangaji wa mwaka mzima hadaiwi? Jibu langu ni kwamba sheria haitazami jengo, inatazama matumizi yake. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya 2013 inasamehe pango la makazi, lakini inapofafanua makazi inaziondoa hoteli na malazi ya likizo. Fleti ileile, kitanda kilekile, inahama kundi siku mpangaji anapoondoka na picha za fleti zikapandishwa mtandaoni. Mauzo yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka, mwenyewe anatakiwa kujisajili na kutoza asilimia 16. Juu ya hapo kuna leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, ushuru wa asilimia 2 wa Mfuko wa Utalii, na kibali cha biashara cha kaunti.

Wengi hujitetea kwamba tayari wanalipa kodi ya mapato ya pango, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, kutoka 10. Kodi hiyo iliwekwa kwa makazi, nayo hukatwa kwenye pango lote bila kutoa gharama hata moja. Tuseme chumba kimoja Nyali kinalala watu siku 20 kwa mwezi kwa shilingi 4,000: jumla 80,000. Kwa asilimia 7.5, mwenyewe analipa 6,000 kila mwezi, hata kama umeme, maji, mfuaji wa mashuka na kamisheni ya programu ya simu inayomletea wageni vimemla 45,000. Akihesabiwa kama mfanyabiashara, kodi inaangukia faida ya 35,000. Kama hana kipato kingine, kwa viwango vya kawaida na nafuu yake ya 2,400, anabakiwa na deni la chini kidogo ya 2,900. Mwenye mshahara mnene hali yake ni tofauti, maana faida hiyo inaongezwa juu ya mshahara na kukatwa hata asilimia 30 au zaidi. Hapo ndipo kelele nyingi zinapotoka, na sioni kwamba ni kelele za wanyonge.

Wapo wanaohofia kwamba masharti yataiua biashara yenyewe, wakitaja New York, ambako tangu Septemba 2023 mwenyeji wa siku chini ya 30 lazima ajisajili, awepo nyumbani, na asilaze zaidi ya wageni wawili. Kenya haijadai hata robo ya hayo. Inachodai ni ijulikane nani anaendesha nyumba gani, na sababu si mapato peke yake: Januari 2024 wanawake wawili waliuawa katika nyumba za aina hii Nairobi, na ndipo serikali ikashikilia usajili. Lalamiko lenye uzito ni jingine. Ofisi nne zinamtaka mtu mmoja ajaze taarifa zilezile mara nne, na mwenye chumba kimoja hana karani wa kumfanyia kazi hiyo. Kaunti na serikali kuu zingeweza kuwa na fomu moja. Kutokuwa nayo ni uzembe wao, ingawa uzembe huo haumfutii mtu deni.

Anayeanza leo aanze na hesabu. Programu humtumia mwenyeji fedha ikiwa imeshakata kamisheni yake, na wengi huandika kile kilichoingia benki kana kwamba ndiyo mauzo. Mauzo ni alicholipa mgeni. Kamisheni ni gharama, nayo inahitaji ankara.