Mto mmoja, watu wa juu na watu wa chini

Sikilizeni, ninyi mulio makwenu na ninyi mulioacha makwenu kwa sababu ya vita. Leo tuongee maji ya mto, maana kule watu wanapoteka nimesikia neno baya: "Wakimbizi ndio walileta kolera." Neno hilo si la haki, na tena haliponyeshi mtu.

Chukueni mfano wa Uvira. Mto Mulongwe unatoka milimani, unapita kati ya mashamba na malisho, unavuka mji, unaishia Ziwa Tanganyika. REGIDESO inateka humo maji ya mji. Basi mlima ukikatwa miti, mvua inashusha udongo. Ng'ombe wakiingia mtoni, samadi inashuka. Watu wakikosa choo, uchafu wao unashuka vilevile, wa wenyeji na wa wageni pamoja.

Wengi wanadhani klorini inatosha. Klorini inapungua nguvu katika maji ya tope. Yaacheni yatulie kwanza, muyachuje kwa kitambaa safi, kisha mutie dawa kwa kipimo. Lakini mama mmoja na bidoni yake hawezi kuchuja mlima mzima.

Mimi nilisoma sheria. Katiba yetu, katika artikle 48, inahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Haisemi ni ya wenyeji tu. Sheria ya maji ya tarehe 31 mwezi wa 12, 2015, inataka mahali panapotekwa maji ya kunywa pawekewe eneo la ulinzi. Ila karatasi haitembei yenyewe.

Kwa hiyo, wakubwa wa mitaa, chagueni siku, mupande mto kwa miguu toka chini hadi juu, pamoja na mfugaji, mkulima na mama wa kambi. Mama huyo asiachwe: yeye ndiye anajua saa gani maji yanabadilika rangi. Mahali pa kuteka pawe juu, pa kufulia chini yake. Vyoo viwe angalau mita 30 mbali na maji. Ng'ombe wanyweshwe kwenye birika kando, si ndani ya mto, maana chini yenu kuna kijiji kingine kinachoteka. Chefu wake naye aitwe.

Ukingoni muache miti na matete. Mwenye shamba pale atauliza, "Nitakula nini?" Ana haki ya kuuliza. Mumtafutie kipande kingine mbele ya kumwondoa, muandike mapatano, kila upande utie sahihi. Na watu wapya wakifika kambini, wasomewe mapatano hayo wiki ileile.