Fedha za Marehemu Zilizomo Simuni

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Zamani mtu alipofariki, jamaa waliifungua pochi yake mbele ya mashahidi, wakakuta noti na pengine karatasi yenye jina la mdai. Leo pochi hiyo imehamia simuni. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi Machi 2007, na kuingia Tanzania mwaka 2008, wengi wetu twalipa karo, umeme na bidhaa za dukani bila kushika noti. Hiyo ni neema, wala hatuipingi. Lakini pochi ya simu ina namba ya siri, na mwenyewe akiondoka duniani huondoka nayo.

Ndugu zetu Waislamu, hapa pana mambo mawili ya kuogopwa.

La kwanza ni amana kupotea. Yupo mweka hazina wa msikiti anayepokea michango kwa namba yake mwenyewe. Yupo mama anayeshika fedha za upatu wa wenzake. Salio la simu ni moja tu; halisemi hizi ni zangu na hizi ni za watu. Akifariki ghafla, warithi huenda wakagawana mali ambayo marehemu hakuimiliki, na wenye haki wakakosa ushahidi. Mkopo aliouchukua kwa simu nao ni deni, na deni halifutiki kwa kifo.

La pili ni mkono kuitangulia sheria. Kijana aijuaye namba ya siri ya baba yake hukimbilia kwa wakala kabla ya maziko, akidai ni gharama za msiba. Sheria yetu imepanga: kwanza sanda na maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo mirathi. Pilau ya wageni haimo katika mpango huo. Ikiwa miongoni mwa warithi wamo watoto wadogo, basi aya ya 10 ya Surat An-Nisaa inatosha kututisha, kwani yawaonya kwa moto wale wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma.

Dawa yake ni kalamu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Surat Al-Baqara, yaamuru deni liandikwe na lishuhudiwe. Naye Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Ibn Umar (R.A.), amefundisha kuwa Muislamu mwenye jambo la kuusia hafai kulala siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa.

Basi kila baba na kila mama aandike: namba zake za simu zenye fedha, anaowadai, wanaomdai, na amana ni za nani. Namba ya siri haihitajiki humo. Msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, akiwa na cheti cha kifo, huzifuatilia fedha hizo kwenye kampuni husika. Na anayeshika fedha za umma azitengee laini yake, zisichanganyike na za nyumbani.

Karatasi hiyo tuiandike leo baada ya swala ya Ijumaa, tukiwa na afya na akili zetu.

Wabillahi tawfiq.