UZI: Pesa za matunzo ya mtoto huhesabiwa vipi? Na hiyo "nusu kwa nusu" mnaitoa wapi?

1/ Wadau, kila msimu wa siasa huu mjadala lazima urudi. Mmoja anasema sheria inakandamiza wanaume. Mwingine anasema kina baba wanatoroka na serikali inawaangalia tu. Kisha mtu anatupa "Katiba imesema nusu kwa nusu!" na watu wanashangilia. Hebu tuone sheria yenyewe inasema nini. Twende pole pole.

2/ Katiba ya 2010, Kifungu cha 53: baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Hayo maneno ya mwisho ni mazito. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2001, kama wazazi hawakuoana, mzigo ulimwangukia mama kwanza. Sheria ya Watoto ya 2022 ikaja na kuondoa hiyo tofauti. Kwa hivyo "ati sikumuoa" si jibu tena.

3/ Sasa shikeni hili: wajibu sawa si pesa sawa. Hakimu anaangalia vitu viwili vikubwa. Mtoto anahitaji nini? Na kila mzazi ana uwezo gani? Hakuna asilimia iliyoandikwa kwenye sheria yetu. Anayekwambia "korti hukata thuluthi ya mshahara" anakudanganya.

4/ Korti inajuaje uwezo wa mtu? Kila mzazi anaweka hati ya kiapo ya mapato na matumizi yake. Hapo unaambatisha hati ya mshahara, taarifa za benki na M-Pesa, risiti za karo, kodi ya nyumba. Majukumu mengine pia yanahesabiwa, kwa mfano watoto wengine ulio nao. Na kuacha kazi makusudi hakukuokoi: uwezo wako wa kutafuta pesa nao huangaliwa.

5/ Tupige hesabu ya mfano. Mtoto mmoja, kwa mwezi:
Karo 4,000 (16,000 kwa muhula, mara 3, gawanya kwa 12)
Chakula 7,000
Sehemu yake ya nyumba na stima 4,000
Nauli 2,000
Matibabu 1,500
Nguo na mengine 1,500
Jumla: 20,000.

6/ Tuseme baba anabaki na 60,000 mkononi, mama anauza mitumba na kupata 20,000. Ukigawa nusu kwa nusu, kila mmoja anatoa 10,000. Mama amemaliza nusu ya mapato yake, baba ametoa moja ya sita. Ukigawa kulingana na uwezo, baba anatoa 15,000, mama 5,000. Na mama ndiye anaamka saa kumi na moja kumtayarisha mtoto. Huo pia ni mchango, hata kama hauna risiti.

7/ Huu ni mfano tu, si fomyula ya korti. Mara nyingi hakimu hagawi hata kwa tarakimu moja. Anaweza kusema: huyu alipe karo na matibabu, yule chakula na makao. Na geuza mfano: kama mama ndiye ana mshahara mkubwa na mtoto anaishi na baba, mama ndiye atakayeagizwa kulipa. Sheria haina jinsia hapa.

8/ "Ananinyima kumuona mtoto, kwa hivyo situmi kitu." Hapana. Kumuona mtoto na kumlisha ni mambo mawili tofauti. Ukinyimwa, nenda kortini uombe amri ya kumuona. Vilevile, mzazi kutolipa si ruhusa ya kumficha mtoto. Kwa hizo vita zenu, anayelala njaa ni mtoto.

9/ Si lazima mfike kortini. Mnaweza kukaa chini, hata mbele ya afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu, mkaandika makubaliano ya malezi na kuyapeleka kortini yapewe nguvu. Kama hali imebadilika, kwa mfano umefutwa kazi, omba amri ibadilishwe. Usinyamaze tu. Deni linaendelea kupanda, na korti inaweza kuagiza mshahara ukatwe, mali ikamatwe, ama ufungwe jela ya madai.

10/ Je, tuweke asilimia kwenye sheria? Uingereza wanayo: kwa kawaida 12% ya mapato kabla ya makato kwa mtoto mmoja, 16% kwa wawili. Uzuri wake, kila mtu anajua hesabu mapema. Lakini hapa kwetu wengi ni wa jua kali, boda boda na biashara ndogo. Asilimia 12 ya mapato ambayo hayajaandikwa popote ni ngapi? Mwenye hati ya mshahara atakatwa, mwenye pesa taslimu atapeta.

11/ Kwa hivyo mwanasiasa akisimama jukwaani kuahidi "kurekebisha" matunzo, muulizeni maswali matatu. Utapimaje mapato yasiyo na hati? Nani atafuatilia asiyelipa, bila kumrudisha mzazi kortini kila mwezi? Na mtoto atakula nini kesi ikiendelea? Akibaki kurusha wanaume kwa wanawake, jueni anatafuta kura tu.

Sambaza kwa yule rafiki wa "nusu kwa nusu". Maswali wekeni hapa chini, ila majina ya watoto na ya mliokuwa nao yaacheni nje.