Karanga zenye kuvu: namna ini linavyogeuza sumu kuwa chanzo cha kansa

Mama anayechambua karanga kabla ya kuzikaanga hutupa zilizooza kwa sababu ni chungu. Lakini ndani yake mnaweza kuwa na sumu isiyo na ladha wala harufu: aflatoksini.

Sumu hiyo hutengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus flavus, linaloota kwenye mahindi na karanga zilizowekwa ghalani zikiwa na unyevu. Ilianza kujulikana mwaka wa 1960 nchini Uingereza, ambako batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil. Leo inahesabiwa kati ya vitu vilivyothibitishwa kuleta kansa kwa binadamu, hasa ya ini.

Jambo la kushangaza ni kwamba aflatoksini ikiingia mwilini, bado haiwezi kudhuru jeni. Ini ndilo huibadilisha likijaribu kuitoa. Katika kazi hiyo huzaliwa kemikali mpya, epoksidi, iliyo kali kuliko sumu ya kwanza. Sehemu yake hunaswa na glutathioni, kinga ya asili ya seli, kisha hutolewa nje. Inayoponyoka hujinata kwenye DNA.

Seli ikigawanyika kabla ya kurekebisha jeraha hilo, herufi G ya DNA hugeuka T. Kosa hilo huonekana mara nyingi katika jeni ya TP53, ambayo ni breki ya seli. Breki ikikatika, seli iliyojeruhiwa huendelea kuzaana badala ya kusimama au kufa. Makosa mengine hujiongeza kwa miaka mingi, hadi uvimbe utokee.

Hatari huwa kubwa zaidi kwa mtu mwenye virusi vya hepatiti B, kwani ini lake hujeruhiwa na kujijenga upya kila mara. Ndiyo maana chanjo ya hepatiti B kwa watoto ni kinga pia dhidi ya kansa.

Moto wa jikoni hautoshi kuiua sumu hii. Anayesaga karanga zilizooza hajaiondoa, ameificha tu. Akimpa ng'ombe, inarudi kupitia maziwa.

Kinga huanzia shambani: kuvuna kwa wakati, kuanika juu ya turubai badala ya udongo, na kuweka magunia juu ya mbao, mahali pakavu. Kutupa karanga ni hasara, lakini ini likishaharibika halina soko la kununulia lingine.