PAPASI: MGENI WA USIKU ANAYERUDISHA HOMA

Tuanze na mfano.

Mwanafunzi wa kidato cha pili anasoma shule ya kata, mbali na kwao. Kwenda na kurudi kila siku hawezi. Basi yeye na wenzake wawili wamepanga geto kijijini, karibu na shule. Chumba ni cha tofali mbichi, sakafu ni ya udongo, na bei ni nafuu. Kitanda ni kimoja tu, kwa hiyo wawili wanalala chini kwenye mkeka.

Baada ya wiki mbili anashikwa na homa. Kichwa kinagonga, viungo vinauma, anatapika na kutetemeka. Zahanati wanampima malaria kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidole. Hana malaria. Anapewa dawa ya maumivu na kurudi geto. Siku ya nne homa inakatika yenyewe. Anaoga, anakula ugali, jioni yuko uwanjani na wenzake.

Wiki moja baadaye homa ileile inarudi. Wengine wanasema anakwepa mtihani. Wengine wananong'ona: "Huyu karogwa."

Mfano huu tumeutunga sisi, lakini homa ya namna hiyo ipo kweli. Inaitwa homa ya papasi. Inatibika kabisa, ila inataka mtu aijue. Kwa vijana wa Mpanda, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika, ambako wengi bado wanalala katika nyumba za udongo, kuijua ni jambo la maana.

KUPE NA PAPASI SI KITU KIMOJA

Wote wawili ni ndugu. Wakikomaa wana miguu minane kama buibui, na wote hunyonya damu. Lakini tabia zao ni tofauti.

Kupe wa kawaida anaishi porini na malishoni. Anakaa kwenye majani akingoja mnyama au mtu apite. Akishika, anang'ang'ania kwenye ngozi kwa siku kadhaa mpaka avimbe kama punje ya harage. Ukijikagua vizuri utamwona.

Papasi anaishi ndani ya nyumba. Mchana anajificha kwenye nyufa za sakafu na kuta, chini ya mikeka, kwenye vumbi karibu na miguu ya kitanda. Ana rangi ya kijivu au kahawia, mwili laini wenye mikunjo kama kipande cha ngozi kuukuu, na ukimtazama kwa juu huoni mdomo wake. Usiku, watu wakisinzia, anatoka. Ananyonya kwa muda mfupi, mara nyingi chini ya nusu saa, kisha anarudi shimoni. Kung'ata kwake hakuumi sana, hivyo wengi hawaamki. Asubuhi unaona labda kipele tu, unadhani ni mbu.

Ana jambo jingine la kushangaza: uvumilivu. Papasi anaweza kukaa miaka kadhaa bila kula. Nyumba iliyohamwa muda mrefu inaweza kuwa bado na papasi wenye njaa, wanaongoja mpangaji mpya. Tena papasi jike mwenye vijidudu vya homa anaweza kuvirithisha kwa watoto wake kupitia mayai. Kwa hiyo nyumba moja inaweza kubaki na ugonjwa kizazi baada ya kizazi.

KWA NINI HOMA INARUDI?

Kinacholeta homa si papasi mwenyewe bali bakteria wanaoitwa Borrelia duttonii. Ukiwatazama kwa hadubini wamejiviringa kama waya wa springi. Wanaingia mwilini kwa mate ya papasi, au kwa majimaji anayotoa wakati wa kunyonya, yakipenya kwenye kidonda.

Kwa kawaida homa huanza kama wiki moja baada ya kuumwa, ingawa inaweza kuwahi au kuchelewa zaidi ya hapo. Inakuja ghafla: joto kali, baridi, kichwa, maumivu ya misuli na viungo, kutapika. Inakaa siku chache, halafu inaondoka. Mgonjwa anafikiri amepona. Baada ya siku kadhaa, mara nyingi kama wiki moja, inarudi. Bila matibabu inaweza kurudi mara nyingi.

Sababu ni hii. Mwili wako una askari wake. Bakteria wakiingia, askari wanasoma alama za nje za miili yao, wanawatambua na kuwaua. Hapo homa inashuka. Lakini wachache wanabadili zile alama, kama mwizi anayekimbizwa sokoni akavua shati jekundu na kuvaa la bluu. Askari wanatafuta shati jekundu, mwizi anapita mbele yao. Wale wachache wanazaana, homa inapanda tena, na mwili unaanza upya kujifunza.

NI UGONJWA WA ZAMANI KWETU

Wenyeji wa Afrika Mashariki waliwajua papasi kabla ya mtaalamu yeyote kuja na hadubini. Wapagazi wa misafara ya kati ya pwani na Ziwa Tanganyika walilala kwenye vibanda vya njiani, na papasi walisafiri nao kwenye mikeka na mizigo.

Mwaka 1904 huko Uganda, madaktari Philip Ross na A. D. Milne walionyesha kuwa homa hii inaletwa na vijidudu vinavyobebwa na papasi. Joseph Dutton na John Todd walithibitisha jambo hilo mashariki ya Kongo. Wote wawili waliugua homa hiyo wakiwa kazini, na Dutton alifia Kasongo mwaka 1905. Bakteria hao wamepewa jina lake. Miaka hiyohiyo Robert Koch alichunguza papasi wa njia za misafara hapa kwetu, wakati huo tukiwa koloni la Wajerumani. Yeye ndiye aliyeona kuwa vijidudu hupita kwenye mayai.

Huenda umesikia pia juu ya ugonjwa wa Lyme, unaosumbua watoto huko Marekani na Ulaya. Ule unaletwa na kupe wa misitu ya nchi za baridi, na jina lake ni la mji wa Lyme, jimbo la Connecticut. Bakteria wake ni binamu wa hawa wetu. Aliyewagundua, miaka ya mwanzo ya 1980, ni Willy Burgdorfer. Na alikuwa amepata wapi uzoefu? Katika masomo yake ya udaktari kule Uswisi, alichunguza papasi wa Afrika na homa yao. Kwa hiyo papasi wa kwetu walisaidia kufumbua fumbo la Marekani!

USIDANGANYWE NA KIPIMO KIMOJA

Homa ya papasi inafanana sana na malaria. Hapo ndipo hatari ilipo. Kipimo cha haraka cha malaria ni kizuri kwa kazi yake, lakini kinatafuta malaria tu. Bakteria wa papasi hakiwaoni.

Kipimo cha kawaida cha homa ya papasi ni damu kupakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini. Tena ipimwe wakati homa imepanda. Homa ikishuka, bakteria kwenye damu wanakuwa wachache mno na ni rahisi kuwakosa.

Kwa hiyo ukienda zahanati au kituo cha afya, usikae kimya. Mweleze mhudumu mambo haya:

1. Homa ilianza lini, ikaondoka lini, ikarudi lini. Ziandike tarehe kwenye daftari.
2. Unalala wapi. Sakafu ya udongo? Chini kwenye mkeka?
3. Ulipima malaria? Majibu yalikuwaje? Ulikunywa dawa mseto na homa bado ikarudi?
4. Kuna mwenzako wa chumba hichohicho anayeumwa hivyohivyo?

Kisha uliza kwa adabu: "Daktari, inawezekana ikawa homa ya papasi? Naweza kupimwa kwa hadubini?" Hiyo si kumfundisha kazi, ni kumsaidia.

Dawa zipo: tetrasaiklini, doksisaiklini, penisilini au erithromaisini. Daktari ndiye anayechagua ipi inamfaa nani, maana si kila dawa inafaa kwa mtoto mdogo au mjamzito. Usinunue vidonge dukani ukajitibu geto. Saa chache baada ya dozi ya kwanza, bakteria wanapokufa kwa wingi, mgonjwa anaweza kutetemeka vibaya, joto likapanda na presha ikashuka. Hali hiyo inataka mtu awe karibu na wahudumu.

WALIO HATARINI ZAIDI

Wewe kijana unaweza kuumwa wiki kadhaa ukapona. Lakini nyumbani una wadogo zako, na huenda dada au shangazi ni mjamzito. Kwa mjamzito homa hii inaweza kuharibu mimba, kuleta uchungu kabla ya wakati, au kumwambukiza mtoto akiwa bado tumboni. Watoto wachanga wanaweza kufa. Ndiyo maana hili si jambo la kuchekea.

KINGA: GETO, BWENI NA NYUMBANI

Habari njema ni kwamba papasi hana mbawa. Anategemea nyufa, vumbi na mtu aliyelala karibu. Ukimnyima hivyo umemshinda.

• Lala kitandani, si chini. Sogeza kitanda mbali na ukuta. Shuka na blanketi zisiburuze sakafuni.
• Tumia chandarua chenye dawa na uchomeke chini ya godoro. Unajikinga na mbu na papasi kwa pamoja.
• Ziba nyufa. Siriba kuta na sakafu upya, na ufa ukitokea uuzibe mapema. Sakafu ya saruji ni bora zaidi.
• Fagia kila siku, pembeni na chini ya vitanda. Mikeka na magodoro yatolewe nje na kukung'utwa kabla ya kuingizwa tena.
• Kuku, mbuzi na nguruwe wawe na banda lao. Wakilala ndani wanawalisha papasi.
• Kabla ya kupanga chumba, kikague. Washa tochi usiku, angalia nyufa na miguu ya kitanda. Muulize mwenye nyumba na majirani.
• Ukihama, kagua mizigo. Usimpelekee mama papasi ndani ya godoro wakati wa likizo!

Kupulizia dawa ya wadudu nako kunasaidia. Huko Mvumi, mkoani Dodoma, nyumba zenye papasi zilipulizwa dawa, na homa ya papasi ikapungua kwa watoto chini ya miaka mitano. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1998. Lakini dawa hizo ni sumu. Kazi hiyo ifanywe na watu waliofundishwa. Usichukue dawa ya pamba au ya kuogeshea ng'ombe ukamwaga chumbani unakolala.

NA KUPE WA PORINI JE?

Katavi ni mkoa wa miombo na mifugo mingi. Vijana wengi wanachunga ng'ombe, wanakata kuni, wanapita kwenye majani marefu kwenda shule. Kupe wa ng'ombe huwaletea mifugo ndigana, na wapo wanaoweza kumletea mtu homa nyingine, yenye kidonda cheusi pale alipoumwa, kichwa kuuma na tezi kuvimba. Nayo inatibiwa hospitali.

Ukitoka porini jikague, na mkague mdogo wako: nyuma ya masikio, kwenye nywele, kwapani, kiunoni, nyuma ya magoti. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu, moja kwa moja, bila kumzungusha. Osha mahali hapo kwa sabuni. Usimchome kwa kijinga cha moto, usimpake mafuta ya taa, wala usimpasue kwa kucha.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, naweza kuambukizwa nikikaa dawati moja na mgonjwa?
Hapana. Homa hii haipiti kwa kukohoa, kushikana mikono wala kula pamoja. Usimtenge mwenzako. Ila kama mnalala chumba kimoja, papasi aliyemuuma yeye anaweza kukuuma na wewe.

Nikishaugua mara moja, sitaugua tena?
Unaweza kuugua tena. Kupona hakukupi ruhusa ya kurudi kulala kwenye mkeka.

Ni aibu kusema nyumbani kuna papasi?
Aibu ya nini? Papasi hafuati mtu mchafu, anafuata ufa. Aibu ni kunyamaza mtoto akaumia.

JIPIME

1. Kwa nini kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuonyesha homa ya papasi?
2. Damu ipimwe wakati gani?
3. Taja mambo matatu unayoweza kufanya chumbani kwako wiki hii bila kutumia hela nyingi.

Majadiliano kwa klabu ya afya: hesabuni ni wangapi darasani wanalala chini, kisha mwalimu wa afya na kamati ya shule waelezwe. Kitanda cha mbao na ndoo chache za udongo wa kusiriba vinaweza kumwokoa mwanafunzi na wiki nyingi za kulala homa wakati wenzake wako kwenye mtihani.

Leo usiku, kabla ya kuzima taa, chukua tochi ukague ufa ulio karibu na mto wako.