Chuku katika Michoro ya Michezo ya Video

Katika vibanda vya Laini Saba, mtaani Kibera, vijana hulipa shilingi chache ili wacheze michezo ya video. Wahusika wanaotawala skrini hizo aghalabu wana mabega mapana kuliko ya binadamu yeyote, viuno vyembamba kupindukia au vichwa vikubwa. Je, maumbo hayo ni kasoro ya kisanaa? Makala haya yanafafanua kuwa mwanafunzi wa Kiswahili tayari anayo dhana ya kuyahakiki, nayo ni chuku.

Katika fasihi, chuku haihukumiwi kwa ukubwa wake bali kwa kazi yake. Utenzi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, unamsawiri shujaa asiyeuawa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Ukuu huo ndio unaoupa usaliti wa mwanawe uzito. Chuku ikiondolewa, msiba unapwaya.

Vigezo vitatu vyafaa kuhamishiwa kwenye mchoro.

Kwanza ni ulazima wa chombo. Mwaka 1981, Shigeru Miyamoto wa kampuni ya Nintendo, Japani, alimbuni mhusika ambaye baadaye aliitwa Mario. Nukta za rangi zilizomwezesha kumchora zilikuwa chache mno. Pua kubwa na masharubu ndivyo vilivyoufanya uso utambulike. Chuku hiyo ina sababu.

Pili ni uwiano wa ndani. Kichwa kikubwa hakimkeri mtazamaji iwapo wahusika wote na mazingira yao vimechorwa kwa kipimo kimoja.

Tatu ni maana. Lara Croft, shujaa wa mchezo wa Tomb Raider uliotolewa na kampuni ya Uingereza mwaka 1996, alichorwa kwa kifua kikubwa na kiuno chembamba ambavyo havikueleza lolote kuhusu wepesi wala ujasiri wake. Katika toleo la mwaka 2013, umbo lake lilikaribiana zaidi na la binadamu, na ushujaa wake haukupungua. Chuku ya awali ilihudumia macho ya mtazamaji, si tabia ya mhusika.

Tofauti hii si ya kinadharia tu. Kijana wa Laini Saba anayezitazama picha hizo kila jioni huweza kuzifanya kipimo cha mwili wake. Hivyo basi, mhakiki asikomee kuuliza kama binadamu yuko hivyo. Aulize pia: kilichokuzwa kimekuzwa kwa sababu gani, na kwa manufaa ya nani?