Boya Lililosema Bahari Imepoa

Kipimo kimeingia kutoka kina cha mita 1,500: joto nyuzi 21. Katikati ya Bahari ya Hindi hicho ni kichekesho, maana huko chini maji huwa ya nyuzi 5 hivi, baridi kama ya friji. Katika Bahari ya Shamu hakimshangazi mtu. Maji yake hubaki na nyuzi 21 na kitu mpaka sakafuni. Namba ni ileile, ila huku ni kweli na kule ni uongo.

Kazi ya kuzitenganisha namba hizo inawahusu sana watu wa Argo, mradi wenye maboya yapatayo 4,000 yaliyotapakaa katika bahari za dunia. Boya lenyewe ni kama bomba nene la mita moja na ushei, antena kichwani, halina injini wala usukani. Hukaa kwenye kina cha mita 1,000 likichukuliwa na mkondo. Kila baada ya siku kumi hivi hushuka mpaka mita 2,000, kisha husukuma mafuta kutoka tumboni kwenda kwenye kifuko cha nje. Kifuko kikivimba, boya hupanda polepole likipima joto, chumvi na mgandamizo wa maji. Likifika juu huitumia setilaiti taarifa zake, halafu huzama tena.

Taarifa hizo haziachiwi hivihivi. Kompyuta kwanza huziuliza maswali ambayo hata karani wa bandari angeuliza. Tarehe hii ipo kweli kwenye kalenda? Mbona ramani inaonyesha boya liko nchi kavu? Mbona limekwenda kasi kuliko mkondo wowote? Kuna kipimo kimoja kilichochomoza kama msumari katikati ya wenzake? Maji mazito yamekaaje juu ya mepesi? Kisha kila kipimo hupewa alama: 1 ni kizuri, 2 yaelekea kizuri, 3 yaelekea kibovu, 4 kibovu. Kilichopewa 4 hakifutwi. Hubaki kwenye faili na alama yake, na mimi naona huo ndio uungwana wenyewe, kwa sababu kesho huenda akatokea mtu akagundua kwamba aliyekosea ni mkaguzi.

Lakini kuna kosa linalopita maswali yote hayo. Mwaka 2006 John Lyman, Josh Willis na Gregory Johnson wa Marekani walichapisha matokeo ya kushtua: kati ya 2003 na 2005 tabaka la juu la bahari lilikuwa limepoa. Ajabu ni kwamba setilaiti zilionyesha usawa wa bahari unaendelea kupanda, na maji yakipoa hunywea. Hesabu zilikuwa zinapigana.

Willis alirudi kwenye vipimo, boya baada ya boya. Akakuta kundi dogo, mengi yake katika Atlantiki, lililokuwa likioanisha joto na kina kisicho chake. Joto lilikuwa sahihi na kina kingeweza kuwa kweli. Ndoa yao ndiyo ilikuwa batili. Maji baridi ya chini yaliandikwa kana kwamba yako juu zaidi. Tatizo la pili lilikuwa kwenye kifaa cha zamani kinachotupwa kutoka melini kikivuta waya mwembamba. Hakipimi kina, hukadiria tu kwa muda kiliotumia kuzama, na kwa sababu hiyo kilikuwa kimeionyesha bahari kuwa na joto kuliko ilivyo. Maboya yalipochukua nafasi yake, bahari ikaonekana imepoa ghafla. Mwaka 2007 watafiti walewale walisahihisha hadharani: kupoa kule hakukuwapo.

Ndiyo maana wataalamu huvirudia vipimo kwa macho yao, kazi inayoweza kuchukua mwaka, wakivilinganisha na vya maboya jirani na vya meli. Faili mbichi jina lake huanza na R. Iliyokwisha kupita mikononi mwa mtaalamu huanza na D.

Mtabiri wa mvua za vuli hana mwaka wa kungoja. Mwaka 2019 upande wetu wa Bahari ya Hindi ulipopata joto kupita kawaida, vuli ilileta mafuriko Afrika Mashariki. Anayeitazama bahari hiyo mwezi Septemba huchukua R, akasoma na alama zake.